Haki ya Kubaki: Kwa Nini Vijana Wetu Wanaiacha Nkololo na Kuujaza Mji





Kila mwaka, pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, jambo lile lile hutokea mbele ya macho yetu. Vijana wawili watatu huonekana alfajiri kando ya barabara, kila mmoja na mfuko mdogo begani, wakisubiri gari la kwenda Bariadi mjini. Kutoka hapo wengine watashika njia ya Lamadi hadi Mwanza. Wengine watapitia Maswa na Shinyanga, na safari yao haitaisha mpaka Dar es Salaam. Jumapili inayofuata kwaya hupungukiwa na sauti mbili za besi, na mama mmoja hubaki nyuma baada ya Misa akiomba mwanawe aliye safarini akumbukwe katika sala.

Hivi karibuni tulimzika bibi mmoja wa parokia yetu. Alizaa watoto saba wakakua. Kaburi lake lilichimbwa na wazee, wakipokezana sururu huku wakitweta, kwa kuwa wanawe na wajukuu wake walikuwa mjini. Wawili walifika jioni, udongo ukiwa umekwisha kufukiwa. Hatusemi haya ili kuwalaumu. Nauli ilikuwa haijapatikana. Twayasema kwa sababu siku ile mzee mmoja, akipangusa jasho, alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo: "Baba, watoto hawa tumewakosea nini?"

Ni rahisi kulipa swali hilo jibu la haraka. Twalisikia kila siku: vijana wa siku hizi ni wavivu, hawataki jembe, wanapenda starehe na taa za umeme. Lakini Tume ya Haki na Amani haiwezi kuridhika na jibu linalomtupia lawama yule asiyekuwapo kujitetea. Yatupasa kwanza tuone mambo yalivyo, kisha tuyapime, na mwisho tutende.

TUONE: HESABU ZASEMA NINI

Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta Watanzania wapatao milioni 12, na walioishi mijini hawakufikia hata mmoja katika kila kumi. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba karibu watatu katika kila kumi wako mijini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na katika kila watu mia, karibu 35 walikuwa wakazi wa mijini. Kwa hiyo, ndani ya umri wa mtu mmoja, nchi ya wakulima imeanza kuwa nchi ya miji. Wala hatuko peke yetu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, ilikuwa yapata mwaka 2007 wakazi wa mijini walipowazidi wale wa vijijini kwa mara ya kwanza katika historia ya dunia.

Tuutazame Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2002 ulikuwa na watu 2,487,288. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Mwaka 2022 walifika 5,383,728. Katika miaka kumi hiyo ya mwisho kasi ya ongezeko ilipungua, lakini tusidanganyike kudhani kwamba watu wamerudi mashambani. Makazi yamevuka mpaka wa mkoa na kuingia Kibaha na Mkuranga katika Mkoa wa Pwani. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, Mkoa wa Mwanza ulitoka watu 2,772,509 mwaka 2012 na kufika 3,699,872 mwaka 2022.

Na Simiyu yetu, iliyokatwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga na kuwa mkoa mwaka 2012? Je, imebaki tupu? La hasha. Mwaka 2012 tulikuwa watu 1,584,157. Mwaka 2022 tulikuwa 2,140,497. Tumeongezeka kwa zaidi ya nusu milioni katika miaka kumi. Hapo pana fumbo ambalo kila kiongozi wa jumuiya hana budi kulifahamu: vijana wanaondoka, na bado watu wanaongezeka. Kijiji hakiwi tupu kwa idadi; kinapungukiwa na wale wenye nguvu za kulima, kujenga na kuchimba kaburi. Wanaobaki ni wengi, nao aghalabu ni watoto, akina mama na wazee.

Tena si kila aondokaye huenda mjini. Wasukuma wengi waliondoka na ng'ombe wao kutafuta malisho na mashamba: Geita, Rukwa, Katavi, bonde la Kilombero, Usangu na hata Lindi. Baadhi yao walihamishwa kwa nguvu kutoka Usangu mwaka 2006, wakapoteza mifugo njiani. Anayeswaga ng'ombe kuelekea kusini na anayepanda basi kuelekea Mwanza ni ndugu; wote wawili wanakimbia ufinyu ule ule.

TUPIME: MJI UNAVUTA KWA NINI?

Tuseme ukweli kwanza: mji si dhambi. Watu huwafuata watu kwa sababu kukaa pamoja kuna faida. Fundi wa simu akiketi katika kijiji chenye kaya mia tatu atapata wateja wawili kwa wiki; akiketi penye kituo cha mabasi cha Mwanza watu mia kadhaa watampita kabla ya saa sita mchana. Bomba moja la maji mjini huhudumia nyumba hamsini zilizobanana. Kijijini bomba lile lile lingepita kilomita nzima kabla ya kufikia nyumba ya kumi. Hospitali kubwa, chuo, kiwanda na benki huhitaji watu wengi karibu, na vikishajengwa huwavuta wengine zaidi. Hivyo mji hujilisha wenyewe kwa wingi wake.

Lakini si kweli kwamba hayo yote yametokea yenyewe. Mji hupangwa, na apangaye ni mwenye mamlaka. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, kusudi lake halikuwa kumstawisha mkulima wa Bariadi. Ilikuwa kuchukua mazao ya kanda hii na kuyafikisha bandarini. Baada ya Uhuru tulijenga viwanda vya nguo, na tukavijenga mijini: Urafiki pale Dar es Salaam, Mwatex pale Mwanza. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, uamuzi ulikaa miaka mingi bila kutimizwa; tangu mwaka 2016 wizara zilipohamia kweli, kila mtu ameona jinsi mji ule ulivyopanuka. Fedha na ofisi zinakoelekezwa, ndiko watu waendako.

Watu wengi hujiuliza: kwa nini kijana aende mjini ilhali anajua kwamba maelfu wako huko bila kazi? Wachumi wawili, John Harris na Michael Todaro, walilijibu swali hili mwaka 1970, baada ya Todaro kuishi na kufanya utafiti Kenya. Walionyesha kwamba aendaye mjini hapigi hesabu ya mshahara peke yake, bali ya mshahara pamoja na bahati ya kuupata. Tuchukue mfano. Tuseme kijana shambani hupata shilingi laki tano kwa mwaka, na kazi ya mjini hulipa milioni mbili. Hata kama ni mmoja tu kati ya watatu apataye kazi hiyo, kwa wastani tumaini lake la mjini lina thamani ya karibu laki sita na elfu sabini. Kwa hesabu hiyo, aendaye si mpumbavu. Amepima.

Kutokana na mfano huo twajifunza jambo zito. Ukiongeza nafasi za kazi mjini bila kuinua kipato cha kijijini, huwapunguzi wasio na kazi mjini. Wawaita wengine waje. Dawa ya msongamano wa Mwanza, kwa sehemu kubwa, iko Nkololo.

TUPIME: KIJIJI KINASUKUMA KWA NINI?

Sababu ya kwanza ni ardhi. Shamba la babu lililotosha kulisha wake wawili na watoto kumi limegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wajukuu. Kaya zetu za Simiyu ni miongoni mwa kubwa kuliko zote nchini. Ardhi haizai. Udongo umechoka kwa kulimwa kila mwaka bila kupumzishwa wala kurutubishwa, na mvua haitabiriki kama walivyoizoea wazee. Wazee wetu walijua kuhifadhi ngitili, yaani sehemu ya malisho iliyofungwa hadi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulitumia hekima hiyo hiyo kurudisha miti na majani katika maeneo makubwa. Lakini penye njaa ya shamba, ngitili nayo hulimwa.

Sababu ya pili ni pamba. Simiyu inaongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na bado mkulima wa pamba ni miongoni mwa maskini. Mwaka 1955 wakulima wa kanda hii, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda muungano wa vyama vya ushirika uliokuwa fahari ya Afrika nzima. Waliuunda kwa sababu ya mizani: walichoka kupunjwa na wanunuzi. Vyama hivyo vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980, vikaingiliwa na madeni na ubadhirifu, na soko huria la mwaka 1994 likavikuta vimedhoofika. Leo vyama vya msingi vimerejea. Lakini nani kati yetu asiyekumbuka msimu wa mwaka 2019? Bei elekezi ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaanguka, na wakulima wengi wakakaa miezi bila kulipwa, hali watoto wanahitaji sare za shule. Kijana aliyemwona baba yake akirudi kutoka gulioni na karatasi badala ya fedha hahitaji mtu wa kumshawishi aondoke.

Tena tuifuate pamba yenyewe. Yatoka kwetu ikiwa pamba mbegu. Huchambuliwa, hufungwa marobota, na sehemu kubwa husafirishwa ng'ambo ikiwa nyuzi tu. Hurudi ikiwa kanga na shati, nasi twainunua kwa bei ambayo ndani yake mna ujira wa msokotaji, mfumaji, mtia rangi, msafirishaji na mwenye duka. Kazi hizo zote ziko mijini, nyingine katika miji ya mbali. Jasho hubaki Nkololo, na ajira husafiri pamoja na robota. Kijana anapopanda basi, yuaifuata pamba yake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya juu ya jambo hilo: mikopo ya nje hutumika zaidi mijini, lakini hulipwa kwa mazao ya mkulima, na tusipoangalia, mji utageuka kuwa mnyonyaji wa shamba. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, mchumi Mwingereza Michael Lipton aliandika kitabu kizima kueleza kwamba nchi nyingi maskini huupendelea mji katika bei, shule, hospitali na barabara, kwa kuwa wenye sauti ndiko waliko. Hatuwezi kusema kwamba hakuna kilichofanyika tangu hapo. Barabara ya lami ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi twaipita; umeme umeingia katika vijiji vingi; ada ya sekondari ya Serikali imefutwa tangu mwaka 2016. Lakini barabara nzuri isiyoleta kiwanda hurahisisha safari ya kuondoka. Na shule ambayo mtoto hufundishwa kuona jembe kama adhabu, akitumwa kulima bustani ya mwalimu anapochelewa, humwandalia begi la safari tangu darasa la tatu. Mwalimu Nyerere alilikemea hilo katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, nalo halijaisha.

Sababu ya tatu ni ngumu kuitaja, kwa kuwa haiko serikalini wala sokoni. Iko nyumbani mwetu. Tumewasikiliza vijana, na wengi wao hawakuanza na habari za umeme. Walianza na baba. Kijana wa miaka ishirini na mbili hulima, hupalilia, hunyunyizia dawa na huchuma pamba pamoja na mama yake na dada zake. Siku ya mizani baba huenda peke yake, hupokea fedha peke yake, na huamua peke yake. Nyingine hununua ng'ombe, nyingine huishia kilabuni. Kijana akiuliza, huambiwa: "Hii ni nyumba ya nani?" Mwaka unaofuata hujibu swali hilo kwa miguu yake.

Kwa binti hali ni nzito zaidi. Katika familia nyingi bado huhesabiwa kwa idadi ya ng'ombe watakaoletwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Lakini hukumu ya Dar es Salaam husafiri polepole kufika nyumbani kwa mzee mwenye shauku ya mifugo. Wapo mabinti waliopanda basi usiku wa kuamkia siku ya kuposwa. Na wapo wajane walioondoka kwa sababu mashemeji walichukua shamba, au kwa sababu macho yao mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka arobaini, yaliwafanya waitwe wachawi. Je, hao nao twawaita wapenda starehe?

MJINI HAKUNA PEPO, NA KUFUKUZA SI DAWA

Hatutaki mtu yeyote adhani kwamba twausifu mji. Wanaotoka kwetu wengi hawafikii nyumba za magorofa. Hupanga chumba juu ya vilima vya mawe vya Mwanza, kama Mabatini, Igogo na Bugarika, mahali ambapo maji hupandishwa kwa ndoo na choo hujengwa juu ya mwamba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huendesha bodaboda ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila siku, au hupanga bidhaa chini na kukimbizana na mgambo. Machinga waliuziwa vitambulisho vya shilingi 20,000 kuanzia mwisho wa mwaka 2018 wakaambiwa wasibughudhiwe. Mwaka 2021 wakaondolewa barabarani na kupelekwa katika maeneo mapya, mengine mbali na wateja.

Na tumekutana na msichana wa kwetu aliyechukuliwa na mama mmoja kwenda kufanya kazi za ndani katika jiji kubwa. Aliahidiwa mshahara na kusomeshwa ushonaji. Alirudi baada ya miaka miwili akiwa na gauni moja na kikohozi, bila senti, akiambiwa kwamba mshahara wake "umekatwa chakula." Mwajiri wake alikuwa mtu wa sala. Hilo latuuma kuliko yote.

Basi wengine husema: warudishwe kwa nguvu! Dawa hiyo ilikwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Walirudishwa makwao, wakarejea. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, wengine kwa kuchomewa nyumba; kasi ya kwenda mijini haikukoma. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi: waliokosa kitambulisho cha kazi Dar es Salaam walikamatwa na kupakiwa magari kurudishwa mashambani. Wengi walirudi mjini. Mtu aliyesukumwa na njaa na kuvutwa na tumaini hazuiliwi kwa kizuizi cha barabarani.

NENO LA IMANI YETU

Maandiko hayamlaani msafiri. Abrahamu aliiacha nchi yake. Wana wa Yakobo walishuka Misri kwa sababu ya njaa. Elimeleki na Naomi waliihama Bethlehemu, mji ambao jina lake lina maana ya nyumba ya mkate, kwa sababu mkate ulikuwa umekwisha. Naomi alirudi aliposikia kwamba Bwana amewajalia watu wake chakula. Hakurudi kwa kukemewa. Na Ruthu, mgeni na mjane, aliweza kuishi Bethlehemu kwa sababu mwenye shamba alikubali masazo yaachwe kwa ajili ya maskini, na wazee wa mji waliketi langoni kuamua haki ya ardhi hadharani. Chakula, haki ya mjane, na shauri la ardhi lililofanywa mchana kweupe: hayo ndiyo yaliyomfanya mtu abaki.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yamefuata njia hiyo. Papa Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1971, aliitaja miji inayovimba kuwa moja ya maswali makubwa ya nyakati zetu, akaona upweke na unyonge wa watu wanaorundikana humo. Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1981, alitetea hadhi ya kazi ya mkulima, akasema kwamba dharau na dhuluma dhidi yake ndizo humfanya ajione mtu wa kutupwa na kukimbilia mjini. Papa Benedikto wa Kumi na Sita, na baada yake Papa Fransisko, walikumbusha kwamba pamoja na haki ya kuhama ipo pia haki ya kutolazimika kuhama, yaani haki ya kupata nyumbani kwako mambo ya lazima kwa maisha ya mtu.

Basi msimamo wetu ni huu: aendaye aende kwa hiari, na abakiye abaki kwa hiari. Anayeondoka kwa sababu hana njia nyingine amefukuzwa, hata kama hakuna mgambo aliyemgusa.

TUTENDE: YATUPASAYO

Kwanza, mizani. Kila jumuiya iliyo karibu na gulio la pamba ichague watu wawili waaminifu, mmoja wao kijana, wa kusimama pale wakati wa kupima. Mizani isiyo na alama ya Wakala wa Vipimo ikataliwe. Wanachama wahudhurie mkutano mkuu wa chama chao cha msingi na kudai kusomewa hesabu, zikiwamo fedha zinazokatwa kwa ajili ya mbegu na dawa. Ushirika wa mwaka 1955 haukuletwa na wafadhili. Uliletwa na wakulima waliokataa kupunjwa.

Pili, ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na yaruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Vijana waombe kwa maandishi, na mambo ya ardhi yaamuliwe mbele ya mkutano wa kijiji, si gizani. Mjane anayenyang'anywa shamba asiachwe kupambana peke yake. Jumuiya yake imsindikize hadi kwenye baraza la ardhi.

Tatu, nyumba. Tunawasihi ninyi akina baba: mpeni kila mtoto aliyefikia umri wa kufanya kazi sehemu ya shamba iliyo yake, binti kwa kijana, na mavuno yake yawe yake. Siku ya kupokea fedha ya pamba, mke awepo. Nusu eka iliyotolewa kwa moyo yaweza kumzuia kijana kuliko hotuba kumi.

Nne, wanaoondoka. Msichana asitoke kijijini na mtu anayemchukua kwa kazi za ndani kabla jina na anwani ya mwajiri na kiasi cha mshahara havijaandikwa mbele ya wazazi na mwenyekiti wa kitongoji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Na kila mwamini anayesafiri apewe barua ya utambulisho kwa parokia ya huko aendako, ili apokelewe na jumuiya kabla hajapokelewa na matapeli.

Tano, mitaji. Tangu mwaka 2018 sheria yazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Viongozi wa walei wawasaidie vijana kuunda vikundi na kuandika maombi. Kikundi kinachokamua mafuta ya alizeti au kutengeneza plau hapa hapa chabakiza kijijini kazi ambayo ingesafiri.

Sita, sisi wenyewe mapadre na viongozi. Tukiri kwamba nasi tumeupendelea mji. Tunapoona parokia ya mjini kuwa tuzo na parokia ya kijijini kuwa adhabu, twahubiri kwa vitendo kile tunachokikemea kwa maneno. Na tunapowatangaza kanisani wanaotuma michango kutoka mjini, bila kumtaja hata siku moja kijana aliyebaki akamtunza mama yake na kuchimba makaburi ya majirani, twawafundisha watoto nani wa kuheshimiwa.

Mzee wetu aliuliza: watoto hawa tumewakosea nini? Sasa twaweza kumjibu kwa heshima zote. Mzee wetu, mengine wamekosewa na wenye mamlaka, mengine na wenye mizani, na mengine tumewakosea sisi. Yale ya kwanza yatatuchukua miaka kuyadai. Haya ya mwisho twaweza kuanza kuyarekebisha msimu huu, kabla pamba haijapimwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni vijana wangapi wameondoka tangu msimu uliopita? Je, tumewahi kuwauliza sababu, au tumewasemea tu?

2. Nani hupokea fedha ya pamba katika nyumba zetu, na nani huamua matumizi yake?

3. Yupo mjane au binti kati yetu anayekaribia kuondoka kwa sababu ya kudhulumiwa? Nani atamwendea wiki hii?